Madoa ya Rangi ya Chai

Mtoto akizaliwa, watu wengi huuliza kama ni msichana ama mvulana. Mama yangu huuliza kama ana chapa.

Simsingizii. Mama alilelewa upande wa Garbatulla, kwenye boma la mbuzi na ngamia, na kwa watu wa boma mnyama asiye na alama ni kesi inayongoja kusikizwa. Ukoo huu hukata ncha ya sikio, ule huchoma mstari shavuni, na mnyama hata akipotea mwaka mzima atajulikana ni wa nani. Sasa, marehemu baba yangu alikuwa na madoa ya kahawia tumboni na mgongoni, bapa, laini, rangi ya chai iliyojaa maziwa. Mimi nikazaliwa na kama hayo. Mama akakata shauri, bila kumwuliza mtu, kwamba Mwenyezi Mungu ameuhurumia ukoo huu akauondolea kazi ya kupasha chuma moto. Watoto wake wanakuja duniani na chapa tayari.

Ndiyo maana nimekua nikifunuliwa shati. Wageni wa Idi, shangazi wa mbali, hata mwanamke aliyekuwa akituletea maziwa, wote wameuona mgongo wangu. "Geuka," mama husema, nami hugeuka kama beberu sokoni, isipokuwa beberu angalau huuzwa mambo yakaisha.

Nilipofika umri wa kuota ndevu, ndevu zilichelewa lakini vinundu vilikuja. Vidogo, laini, vya kubonyea. Kimoja shingoni, vingine mgongoni, kimoja mkononi chini ya kiwiko. "Alama imekomaa," mama akasema, akaridhika. Hicho cha mkononi kina tabia zake. Nikikigonga mahali, umeme hupiga mbio hadi kidole cha mwisho, nami huruka na kutamka maneno ambayo fundi wa sare za shule hapaswi kuyatamka mbele ya wateja.

Fundi, ndiyo. Cherehani yangu iko chumba cha mbele na mlango unatazama barabara, kwa hivyo sioni haja ya kuifuata barabara yenyewe. Watu wetu ni wa kutembea. Babu zangu waliifuata mvua hadi mahali ambapo mvua yenyewe ilikuwa imepotea njia. Mimi nikiitwa upande wa pili wa soko, kwanza huuliza kama hakuna mtu anayekuja huku aje na hiyo kazi. Mke wangu ameshawaagiza majirani: nikifa, nisizikwe mbali, nitachoka njiani.

Huyo mke wangu ni wa Kinna, na ulimi wake ulinolewa huko huko. Mtoto wetu wa kwanza, mvulana, alitoka ngozi safi kama sahani iliyooshwa. Mama akampokea, akamgeuza, akachungulia makwapani na nyuma ya magoti, akamgeuza tena.

"Huyu ni wa jirani," akasema.

"Basi jirani alete uji," mke wangu akajibu kutoka kitandani, na siku hiyo nikajua kwamba nyumba yangu itakuwa na watawala wawili na raia mmoja.

Halafu akaja binti. Kabla hajaanza kutambaa, madoa yalikuwa yamejitokeza tumboni, mgongoni, mikononi, na moja pajani lenye umbo la ngamia aliyelala. Mama alichinja mbuzi. Alimbeba mtoto nyumba kwa nyumba, na waliokuwa hawajauona mgongo wangu kwa muda walikumbushwa. Binti akakua akijijua ni nani. Siku moja nilimsikia akimwambia kaka yake, "Wewe huna chapa. Ukipotea nani atakurudisha?" Kaka yake alikuja kwangu akilia, akitaka kujua huyo jirani anakaa nyumba gani.

Kazi ya binti kwangu ilikuwa kutia uzi. Macho yangu yalishaanza kudai miwani, na yeye aliulamba uzi, akaupitisha mara moja, akanirudishia sindano kwa dharau kidogo. Kisha, mwaka aliojiunga na shule, akaanza kuigeuza shingo. Aliitazama sindano kwa upande, kama kuku anayechunguza punje asiyoiamini.

"Unaiangalia ama unaisikiza?" nilimwuliza.

"Abba, uzi wako umekuwa mnene."

Uzi ulikuwa ule ule. Tulicheka. Mama akasema ni madaha tu, mtoto ameanza kujua kwamba ni mrembo. Mke wangu ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alasiri moja alimsimamisha binti mlangoni na kumziba jicho la kulia kwa kiganja.

"Nani yule?"

"Abba."

"Anafanya nini?"

"Amekaa."

"Hiyo kila mtu Isiolo anajua. Ameshika nini?"

Nilikuwa nimeshika makasi yangu makubwa ya kukatia. Niliyainua juu kabisa, nikayafungua ili yaonekane vizuri.

"Kitu," binti akasema. Kisha polepole, "Abba, sogea kidogo."

Nikasogea. Nikasogea tena. Nilikuwa karibu kumgusa pua ndipo akasema, "Makasi!" kwa furaha ya mshindi. Mke wangu akaondoa kiganja. Aliingia ndani kunitafutia viatu vya kutokea, na alivipata mara moja, jambo lililoniambia kwamba alikuwa ameshaviweka tayari.

Hospitali ya hapa mjini walimtazama, wakatuelekeza kwenye hospitali kubwa upande wa Meru. Watu wa Isiolo huenda Meru asubuhi na kurudi kula chakula cha mchana. Mimi niliwaaga majirani.

Tulikwenda wanne: mimi, mke wangu, binti, na mama, ambaye hakualikwa wala hakukatazika. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. Alilimulika jicho la kushoto la binti kwa taa ndogo, akaangalia, akaangalia tena. Kisha akakunja mkono wa sweta na kuona doa.

"Mama mtoto, ana madoa mengine kama haya?"

Mama yangu hakungoja mwenye mtoto ajibu. "Hiyo ni yetu," akasema, akasimama. "Na baba yake ni huyu." Kabla sijajua, shati langu lilikuwa shingoni. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, nazungushwa katikati ya chumba cha daktari. "Ona. Na baba ya huyu pia alikuwa nayo. Sisi hatupotei."

Daktari hakucheka. Aliinuka, akavitazama vile vinundu kimoja kimoja, akakibonyeza cha mkononi. Niliruka.

"Umeme?"

"Mpaka kidole cha mwisho."

"Vaa shati, mzee," akasema kwa upole. "Tukae sote."

Nilisoma biolojia hadi kidato cha nne. Kwenye mtihani nilichora seli, na mwalimu akaniuliza kama ni yai la kukaanga. Kwa hivyo naeleza vile nilivyoelewa. Kila seli ya mwili, daktari alisema, ina jeni, na jeni ni maagizo. Nyingine huiambia seli: kua, gawanyika. Nyingine kazi yake ni kusema basi, inatosha. Hizi za kusema basi tunazipata mbili mbili, moja ya mama na moja ya baba. Katika ukoo wetu kuna jeni moja ya namna hiyo ambayo mtoto anaweza kurithi nakala iliyoharibika. Anaweza pia asiirithi, kama kurusha shilingi. Akiirithi, ile nakala nzima inafanya kazi peke yake, na mahali pengi inatosha. Lakini ikiharibika nayo katika seli fulani, seli hiyo haina tena wa kuiambia basi. Inazaa, na wanawe wanazaa. Jeni hii hasa hulinda neva na zile seli zinazozifunika neva, kama plastiki inavyouvalisha waya. Ndiyo sababu kinundu changu kina umeme. Kimekaa kwenye waya.

"Na madoa?" mke wangu akauliza.

"Ni jeni hiyo hiyo, kwenye ngozi. Madoa yenyewe hayadhuru. Yanatuambia tu tuangalie kwingine." Aliweka mkono juu ya kichwa cha binti. "Nyuma ya jicho kuna neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Nashuku ina uvimbe. Kwa watoto kama hawa mara nyingi huwa wa polepole, na mwingine hukaa tu miaka na miaka. Lakini ukikua utaibana neva, na neva ikifa, jicho hili halitaona tena. Nataka picha ya kichwa tujue uko vipi."

Binti alikuwa akichezea kamba ya taa ya daktari. Mimi nilitazama viatu vyangu, vile vya kutokea, nikaona vimekaa vizuri.

"Wachungaji wawili," mama akasema.

Daktari akamgeukia.

"Hizo jeni zako mbili, daktari, ni wachungaji wawili. Mmoja amelala tangu alipozaliwa. Wa pili yuko macho, lakini ni mmoja, na malisho ni makubwa. Akisinzia upande huu, fisi anaingia."

"Ndivyo, nyanya. Ila hapa hakuna fisi. Ni mbuzi wetu wenyewe, wanazaana bila mtu wa kuwazuia."

"Hiyo ni mbaya kuliko fisi," mama akasema. Kisha akanyoosha mkono, akaushusha ule mkono wa sweta mpaka ukalifunika doa. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona mama akilifunika doa la mtu.

Shida ikawa ile picha. Mashine, daktari alieleza, ni kama bomba kubwa. Mtoto anaingizwa ndani, inapiga kelele kama mabati kwenye upepo, na yeye hatakiwi kusogea hata kidogo kwa muda mrefu. Watoto wadogo huchomwa dawa ya usingizi, lakini wa kulazwa hivyo walikuwa wengi na zamu ilikuwa mbali. Anayeweza kutulia mwenyewe anapigwa picha mapema.

"Huyu anaweza kutulia?" akauliza.

Mke wangu akanigeukia. Kwa miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kutazamwa vile, kwa matumaini.

"Daktari," akasema, "baba yake ni bingwa."

Basi nikarudi nyumbani nikiwa na somo la kufundisha, mimi ambaye shule yenyewe ilishindwa kunifundisha. Nilitandika mkeka chini ya meza ya kukatia, nikateremsha kitambaa cha kijani cha sare pande zote mpaka pakawa pango. Binti aliingia, akalala chali. Mimi nikaendesha cherehani bila kitambaa, kwa nguvu, mpaka meza ikatetemeka. Mama akaketi kwenye kigoda na kugonga sufuria kwa mwiko. Kaka mtu alilala kifudifudi pembeni akiwa refa.

"Amesogeza kidole!"

"Nilikuwa napumua!"

"Unapumua na kidole?"

"Akko, mwambie!" Akko ndiye bibi yake, na akko alikuwa na sufuria, hakusikia.

Nilimfundisha yote ninayoyajua. Kwamba mtu anayetaka kukaa lazima atafute mahali pa kuyaweka mawazo yake. Mimi huyaweka kwenye msumari fulani wa darini. Kwamba mwasho ukija usibishane nao, uuache upite kama mdai aliyeambiwa hupo. Kwamba nzi ana haraka kuliko wewe, atachoka kwanza. Mke wangu alipita na ndoo, akasimama kusikiliza.

"Kumbe ina elimu," akasema. "Na mimi nilidhani ni uvivu."

"Ni kipaji."

"Haya, mwalimu. Ukimaliza somo kuna mtungi wa gesi wa kubebwa."

Mteja mmoja alikuja kuchukua sketi akatukuta hivyo, cherehani ikilia tupu, bibi akipiga sufuria, miguu ya mtoto imechomoza chini ya kitambaa. Akauliza kuna nini. Nikamwambia mazoezi. Akachukua sketi bila kuijaribu, akaenda upesi.

Siku ya picha niliambiwa mzazi mmoja anaweza kuingia na mtoto, mradi asiwe na kitu chochote cha chuma, kwa sababu mashine ile ni sumaku kubwa. Nilijitolea. Nilivua mkanda na saa. Kijana wa mashine akaona pini kwenye ukosi wa shati. Nikaitoa. Akaona mbili kwenye mkunjo wa mkono. Nikazitoa. Nilipogeuka, akapata sindano mgongoni, yenye uzi.

"Mzee, hizi umevaa ama zimeota?"

"Ni kazi."

"Kaa nje tu, tafadhali."

Mke wangu akaingia badala yangu. Kukaa najua. Lakini sijawahi kukaa vibaya kama siku ile. Mlango ulikuwa mzito, kelele zikaja zikiwa zimefifia, ta-ta-ta-ta, na kila ziliponyamaza niliwaza kwamba binti amesogea na wameizima. Mama alikuwa kando yangu na tasbihi. Nikautafuta msumari darini. Dari ya hospitali haina misumari.

Mlango ulipofunguliwa, mke wangu alitoka akiwa amemshika binti mkono. Binti alitembea akiwa bado amekakamaa, mikono imebana mbavuni.

"Imeisha, unaweza kusogea," nikamwambia.

"Nani amesema?"

Daktari alituonyesha picha. Ile neva ya upande wa kulia ilikuwa nyembamba, safi. Ya kushoto ilikuwa imenenepa, kama uzi wa sweta mahali palipopaswa kuwa na uzi wa kushonea. Lakini unene ulikuwa sehemu moja tu, haujafika pale neva mbili zinapokutana. Akasema hatautibu uvimbe huo sasa. Binti atakuwa anakuja kila baada ya miezi michache kupimwa macho. Ukikua, au macho yakishuka, wataanza dawa. Usipokua, hawaugusi.

"Kwa hivyo umekaa tu," mke wangu akasema.

"Tunaomba ukae tu."

"Hauji, hauendi."

"Ndivyo tunavyotaka."

"Basi huo hauna haja ya kupimwa ni wa nani," akasema, "ni wa baba yake mzima mzima." Akacheka, na akiwa bado anacheka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaendelea kuyafuta kwa muda.

Siku kadhaa baadaye, asubuhi, nilimkuta mama uani na mjukuu wake wa kiume, amemvua shati na kumsimamisha kwenye jua. Alipitisha vidole mgongoni polepole, akachungulia makwapani na nyuma ya magoti, kama siku ile alipozaliwa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hana kitu. Jirani ni mtu wa bahati."

Binti alikuwa nyuma ya mlango. Huyu hukosi kumkuta nyuma ya mlango.

"Akko, chapa yangu imekuwa mbaya?"

Mama akamvuta, akamkalisha mapajani, akalifunua lile doa la ngamia. Alilitazama sana. Nikafikiri sasa atasema lile la zamani, na nikafikiri pia kwamba atasema la daktari, na sikujua lipi naliogopa zaidi.

"Chapa ni yako," akasema. "Zamani ilikuwa inamwambia mwenye kukupata akurudishe. Sasa inatuambia sisi tusikuondolee macho. Imeongezewa kazi tu."

Binti akatafakari. "Na huyu ambaye hana?"

"Huyu tutamkumbuka kwa kichwa."

Jibu hilo halikumtosha. Idi ilipokaribia na hina ikakorogwa, alimkamata kaka yake ili amchoree ngamia mgongoni. Kaka mtu alikubali kwa sharti achorwe simba. Kilichotokea kilifanana na ugali uliomwagika, lakini alitembea bila shati siku nzima, na alipofika kwangu akageuka bila kuambiwa.

Nami nimekuwa msafiri. Kila baada ya miezi michache majirani huniona nikifunga mlango, wakauliza kama kuna msiba. Safari ya kwanza ya kupima macho nilifukuzwa. Kwa watoto wadogo daktari hutumia ubao wa michoro, kuanzia mikubwa juu hadi midogo chini: kikombe, mwavuli, ua, nyumba. Binti alizibwa jicho la kulia, akashuka mstari kwa mstari. Alipokwama, mdomo wangu, bila ruhusa yangu, ulisema "nyumba".

"Mzee," daktari akasema, "tunalipima jicho la nani?"

"Amezoea kumfundisha," mke wangu akasema. Nikaonyeshwa pazia.

Tangu hapo nimekuwa nikisimama nyuma ya pazia. Mwezi uliopita nilisimama hapo tena, nikiwa nimeshika viatu vya binti, sijui kwa nini alivivua. Nilimsikia akianza.

"Kikombe. Ua. Ua tena. Mwavuli."

"Mstari wa chini."

"Mwavuli. Kikombe."

"Na huu wa mwisho?"

Mara iliyopita aliufikia huu huu. Asipoufikia leo, maana yake ule uvimbe wa nyuma ya jicho umeanza kutembea. Nilivibana vile viatu. Mdomo nao niliubana. Nilisikia mguu wa kiti ukikwaruza, na mke wangu akivuta pumzi bila kuitoa.

"Ni ndogo," binti akasema.

"Chukua muda wako."

"Ni nyumba."

Daktari alikuwa anaandika, nilisikia kalamu. "Mstari ule ule wa mara iliyopita," akasema. "Haujasogea."

"Umekaa tu," mke wangu akasema, na ile pumzi ikatoka.

"Lakini hiyo nyumba haina mtu," binti akamwambia daktari. "Abba ametoka."